Goti linatibiwa, mwenye goti hatibiwi

Huku Moshi mama mtu mzima akiacha kuja jumuiya, majibu yapo tayari: magoti hayo, umri umekwenda. Wanamtumia salamu na dawa ya kuchua, ibada inaendelea. Baridi ya Julai nayo inabebeshwa lawama zake, ingawa huyo mama hata Januari hakuonekana.

Magoti kweli yanauma, sibishi. Mwanamke aliyepanda na kushuka vilima vya Kibosho au Old Moshi miaka hamsini na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, gegedu zake, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, zimelika. Shangazi yangu akitaka kuinuka kwenye kigoda baada ya kumenya ndizi, anashika paja kwa mikono miwili, anajisukuma, anasimama kidogo akiwa ameinama, kisha ndipo anaanza kutembea. Mteremko kwake ni mbaya kuliko mlima. Chooni kwa kuchuchumaa, tusiseme.

Ninachobishia ni ile tabia ya kuishia kwenye goti. Mtu anayeumwa usiku na mchana halali vizuri, na asiyelala maumivu yake huzidi. Akikata tamaa anakaa tu, misuli ya paja inalegea, na misuli hiyo ndiyo inayolibeba goti. Kwa hiyo goti linauma zaidi, naye anazidi kujifungia ndani. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, na maumivu ya viungo vinalishana namna hiyo.

Mwaka 2003 jarida la kitabibu la JAMA la Marekani lilitoa utafiti wa watu 1,001 wa miaka 60 na kuendelea, wote wakiwa na ugonjwa wa viungo na sonona. Wengine waliendelea na huduma ya kawaida. Wengine walipata mtu wa kuwafuatilia kwa karibu, dawa za sonona au mazungumzo ya kusaidiwa kutatua shida zao. Mpango wenyewe ulilenga sonona, haukulenga viungo. Baada ya mwaka mmoja, hao waliofuatiliwa walikuwa na maumivu madogo kuliko wenzao, na shughuli zao za kila siku hazikukwama sana kama za wenzao. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilionekana kwenye maumivu yenyewe, siyo kwenye furaha peke yake.

Sasa nenda kliniki zetu. Dirisha la wazee lipo, bango lipo. Mzee anaulizwa panauma wapi na tangu lini, anaandikiwa diklofenaki ya kutuliza maumivu, anayefuata. Hiyo diklofenaki ikimezwa miezi na miezi inaweza kuchimba vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha, na wazee wetu wengi presha wanayo tayari. Kuuliza kama wiki mbili hizi amekosa raha au hamu ya mambo aliyoyapenda hakumalizi hata dakika moja.

Ila uulizaji una namna yake. Ukimwuliza bibi wa Kichaga kama ana huzuni, atakujibu anamshukuru Mungu, na mazungumzo yameisha. Mwulize kama chakula bado anakisikia ladha. Mwulize nani anafungia kuku siku hizi, na kwa nini siyo yeye.

Na sisi watoto wa Desemba, tunaorudi nyumbani mara moja kwa mwaka, tuna la kujibu. Tunafika na kreti za soda, tunamnyang'anya mama jembe: "Mama, pumzika, kazi umeshafanya." Tunadhani ni heshima. Kihamba, shamba la migomba la nyumbani, ndicho kilichompa sauti, leo anaambiwa akae barazani aangalie watu. Mnunulie kiti kirefu cha kufanyia kazi, mjengee choo cha kukaa chenye pa kushikia, mwachie sehemu ya bustani iliyo tambarare. Jumuiya nayo ikubali kusalia kwake mara nyingi zaidi, zamu zisihesabiwe kama deni.

Kuna kauli moja tumeizoea mno: "Mungu anichukue tu, nimechoka." Tunacheka, tunasema, "Acha hayo, mama, bado tupo na wewe." Hapo usicheke. Kaa naye, mwulize anamaanisha nini, kama amewahi kufikiria kujidhuru, na wiki hiyohiyo mpeleke hospitali yenye kitengo cha afya ya akili. Akisema ndiyo, msiache alale peke yake, na mpelekeni siku hiyohiyo.