Kabla ya glavu, kasome nyayo zako mchangani

Kijana akiamua kuanza ngumi hapa Kigoma, swali lake la kwanza ni glavu zinapatikana wapi, na la pili ni lini atapanda ulingoni. Wengi wamemwona bondia Hassan Mwakinyo kwenye simu akimmaliza Sam Eggington raundi ya 2 kule Birmingham, Septemba 2018, na kilichowabaki kichwani ni konde. Miguu hawakuiangalia. Msimamo wangu ni kwamba mwezi wa kwanza wote ni wa miguu na bandeji, yaani kitambaa cha kufunga mikono. Kocha anayemvalisha mgeni glavu siku ya pili na kumpambanisha na mtu mwenye miaka mitatu ya mazoezi anamkosea sana.

Kwa miguu, mwalimu mzuri tunaye bure: mchanga. Nenda Kibirizi jioni, pasipoanikwa dagaa (dagaa ni riziki ya watu, usiikanyage), utafute mchanga uliolowa karibu na maji. Kama unatumia mkono wa kulia, tanguliza mguu wa kushoto. Miguu iachane upana wa mabega, kisigino cha nyuma kiinuke kidogo, magoti yalegee. Ukienda mbele, mguu wa mbele ndio unaoanza, wa nyuma unafuata kwa umbali uleule. Ukirudi, wa nyuma unaanza. Kushoto anza na wa kushoto, kulia anza na wa kulia.

Piga hatua kumi, simama, geuka usome. Nyayo zikikaa kwenye mstari mmoja, kama za mtu anayepita juu ya gogo, basi mtu akikugusa bega tu unayumba. Zikikaribiana, miguu ilikutana njiani, na ngumi nyepesi ikikukuta wakati huo inakuangusha. Mburuzo mrefu unaonyesha kwamba unauvuta mguu badala ya kujisukuma kwa ule mwingine. Kisigino cha nyuma kikichimba shimo, uzito wote umelala nyuma na mkono wa kulia hautakuwa na nguvu. Futa, rudia. Fanya dakika 3, pumzika 1, mara nne. Inachosha kuliko kupiga begi, ndiyo maana watu hawaipendi.

Bandeji ya mtu mzima ni upana wa sentimita 5 na urefu wa mita 4.5 kwa kila mkono. Ukikosa ya dukani, tafuta shuka la pamba la mtumba pale Mwanga, ulichane vipande, uunge viwili. Mshono ulale bapa, na usiangukie kwenye vifundo vya vidole. Unapofunga, tanua vidole. Anza na kitanzi kwenye dole gumba, pitisha nyuma ya kiganja, zungusha kifundo cha mkono mara tatu, kisha vifundo vya vidole mara tatu, pita katikati ya vidole, shika dole gumba mara moja, umalizie kwenye kifundo cha mkono. Ukikunja ngumi ibane, ukikunjua ilegee. Vidole vikifa ganzi, fungua uanze upya. Anayefunga vidole vikiwa vimekunjwa hugundua kosa lake raundi ya pili, bandeji ikiwa imeshamkaba.

Lenga kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati. Anayerusha ngumi kwa kuzungusha mkono kama anafyeka majani hutua na kidole kidogo, na mfupa wa nyuma ya kidole hicho ndio huvunjika kwa urahisi.

Begi la mchanga mtupu silikubali hata kidogo. Mchanga hushuka, baada ya wiki chache chini panakuwa jiwe na juu panalegea, na kifundo cha mkono kinalipia. Kusanya mabaki ya vitambaa kwa mafundi cherehani, toa zipu na vifungo vyote, shindilia tabaka kwa tabaka. Uzito wa karibu nusu ya mwili wako unatosha: mwenye kilo 70, begi la kilo 35. Tundika kwenye tawi nene la mwembe, kitako cha begi kiwe usawa wa kiuno chako. Kwenye begi anza na jebu (ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele) peke yake. Mkono wa kushoto utoke kwa kunyooka, kiganja kigeukie chini mwishoni, bega lifunike kidevu, na mkono urudi shavuni kwa njia uliyoendea. Wengi huuacha ushuke hadi kifuani, na hapo ndipo ngumi ya mwenzako inapopita.

Kuhusu kupigana na mwenzako, subiri angalau miezi mitatu. Mgeni hufumba macho, hubana pumzi na kuinua kidevu, na vyote vitatu hupungua kwa mazoezi tu, kumpiga hakumfundishi. Kofia ya kichwani huzuia michubuko na kuchanika, lakini ubongo bado unatikisika ndani ya fuvu. Ukipigwa halafu ukapata kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu au ukasahau raundi iliyopita, mazoezi yameisha siku hiyo. Nenda hospitali, na usirudi kupigana hadi daktari akuruhusu, kwa sababu pigo la pili kabla ubongo haujapona ndilo la hatari zaidi.

Siku ikifika, vaeni glavu za aunsi 16 nyote wawili, na kinga ya meno iliyolainishwa kwenye maji ya moto ikakaa sawasawa kwenye meno yako. Usiazime ya mtu. Raundi mbili za dakika 2, jebu tu, mwenye uzoefu akijikinga na kusogea bila kurudisha kichwani. Kocha akikataa masharti hayo, vua glavu, umshukuru, urudi mchangani.