"Golden Hour" ya Kacey Musgraves: tuzo kabatini, redio kimya

Februari 2019 Kacey Musgraves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alitoka kwenye Grammy na tuzo nne, mojawapo ikiwa Albamu Bora ya Mwaka kwa "Golden Hour", akiwa amewapita Drake, Cardi B na Post Malone. Miezi mitatu nyuma, chama cha muziki wa kantri cha Nashville, mji mkuu wa muziki huo, CMA, kilikuwa kimeshampa tuzo yake ya albamu. Lakini mtu aliyekuwa na redio ya kantri kwenye gari lake mwaka mzima wa 2018 huenda hakumsikia hata mara moja kwa wiki. "Space Cowboy", wimbo uliopelekwa redioni kuitangaza albamu, ulikwama karibu na nafasi ya 30 kwenye chati ya jarida la Billboard ya nyimbo zinazopigwa na redio za kantri. Mashabiki wake wanasema ameonewa. Wanaozitetea redio wanajibu kwamba hii si kantri, ni pop iliyovaa kofia ya kichunga ng'ombe.

Hilo la kofia tulipime kwa masikio. "Golden Hour" ilitoka tarehe 30 Machi 2018, ikiwa na nyimbo 13 za dakika 45 hivi, na jina lake linagusa pia Golden, kijiji cha Texas alikokulia. Albamu zake mbili za awali, za 2013 na 2015, alizitengeneza na Luke Laird na Shane McAnally: gitaa kavu, banjo, na kejeli za maisha ya mji mdogo. Safari hii alikaa na maprodyuza wapya, Daniel Tashian na Ian Fitchuk, na sehemu ya kazi ikarekodiwa katika studio ya mwimbaji Sheryl Crow iliyo juu ya zizi la farasi. "Oh, What a World" inafunguliwa na sauti iliyopitishwa kwenye vokoda, mashine inayomfanya mtu aimbe kama roboti. "High Horse" ni disko, wala haijifichi.

Wapinzani huishia hapo, na ndipo wanapokosea. Baada ya ile vokoda inaingia banjo, na nyuma yake pedal steel, lile gitaa la kulazwa ambalo mpigaji hutelezesha chuma juu ya nyuzi huku miguu na magoti yakibadilisha sauti. Kilio chake ndicho ambacho msikilizaji wa Nairobi aliyelelewa na Jim Reeves na Kenny Rogers hukitafuta kwanza. Halafu kuna utunzi. "Space Cowboy" imejengwa juu ya mkato mmoja tu: neno "space" kwa Kiingereza ni anga, tena ni nafasi, kwa hiyo ukiweka mkato kabla ya "cowboy", yaani mchunga ng'ombe, unapata mwanamke anayemwambia mpenzi wake achukue nafasi yake aende. Kiitikio chenye maana mbili, ya pili ikikuuma baada ya ya kwanza kukuchekesha, ni ufundi wa Nashville wa tangu zamani. "Rainbow", inayofunga albamu, ni piano na sauti, basi.

Na kama kipimo ni ala, redio hazina pa kusimama. Mwaka huohuo zilikuwa zikiupiga bila kuchoka "Meant to Be" wa Bebe Rexha, mwimbaji wa pop, akiwa na kundi la kantri la Florida Georgia Line. Wimbo huo ulikaa kileleni mwa chati kuu ya nyimbo za kantri kwa wiki 50.

Sababu ya kweli iko kwenye biashara ya redio yenyewe. Kituo huongeza nyimbo mpya chache tu kwa wiki. Wimbo uliopo hujaribiwa kwa kuwachezea wasikilizaji kipande cha sekunde chache na kuwauliza wanaupenda, wanauchukia au wameuchoka. Anayeogopwa ni msikilizaji anayebadilisha stesheni, kwa sababu akiondoka anaondoka na tangazo. Kwa utaratibu huo, wimbo wa taratibu unaohitaji kusikilizwa mpaka mwisho unaanza ukiwa nyuma, na "Golden Hour" imejaa nyimbo za namna hiyo. "Mother" nayo ni fupi mno: haifiki hata dakika moja na nusu. Mashabiki hawapendi kulisema hili, lakini aliyepanga albamu hii hakuipangia redio.

Hata hivyo utaratibu huo hauwabani wote sawasawa. Mwaka 2015 mshauri wa redio Keith Hill alisema hadharani kwamba kwenye saladi ya kantri wanaume ndio majani, wanawake ni nyanya, na akashauri wasipigwe wanawake wawili mfululizo. Kwa hiyo Musgraves hakushindania nafasi zote. Alishindania zile chache za nyanya. Na ilikuwa hivyo kabla ya vokoda. "Follow Your Arrow", wa gitaa kavu kabisa, haukufika popote redioni, kisha ukashinda tuzo ya CMA ya Wimbo wa Mwaka 2014.

Sifa nazo zilizidi kipimo. Wakosoaji waliipokea kana kwamba kila wimbo ni lulu, ilhali "Velvet Elvis" ni mzaha mmoja uliorefushwa, na "Wonder Woman" inapita bila kuacha alama. Furaha ya ndoa mpya imeifanya kejeli yake, silaha yake bora, ilale usingizi. Sokoni ilianza nafasi ya 4 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, kwa mauzo yanayolingana na nakala 49,000: vizuri kwa asiyepigwa redioni, si mafuriko.

Swali la kofia lilirudi 2021. Kamati ya Grammy iliiondoa albamu iliyofuata, "Star-Crossed", kwenye kundi la kantri na kuipeleka pop. Rais wa lebo yake huko Nashville, Cindy Mabe, aliandika barua ya kupinga. Wakati huohuo "Camera Roll", wimbo kutoka albamu hiyohiyo, uliachwa upande wa kantri na kuteuliwa mara mbili. Mwaka 2025 Grammy wakaigawa tuzo ya albamu ya kantri: ya jadi na ya kisasa. "Golden Hour" leo ingewekwa kwenye ya kisasa, pamoja na waimbaji wanaopigwa na redio zilezile zilizoikataa.