Deep Purple halisi ni ipi?

Mashabiki wa Deep Purple wana desturi ya kuvipa vikosi vya bendi hii ya roki namba. Mark I ni ile iliyoanza Uingereza mwaka 1968, Mark II ya mwaka uliofuata, Mark III ya 1973, na kuendelea hadi Mark IX ya sasa. Mpiga drams Ian Paice ndiye pekee aliyemo kwenye namba zote. Ubishi mkubwa, hata hivyo, unarudi palepale: mwimbaji Ian Gillan na mpiga besi Roger Glover walipoondoka Juni 1973, je, kilichobaki kilikuwa Deep Purple au jina tu?

Walio upande wa Mark II hawakosi hoja. Ndani ya miaka minne kikosi hicho kilitoa albamu za In Rock, Fireball, Machine Head na Made in Japan, ile iliyorekodiwa jukwaani Osaka na Tokyo Agosti 1972. Ukitaka kuwaelewa, sikiliza Child in Time. Gillan anaanza kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, kisha anapanda ngazi kwa ngazi mpaka maneno yanakwisha na kubaki ukelele mtupu unaoshindana na gitaa. David Coverdale, aliyemrithi, alikuwa na sauti nzuri nzito, lakini si ya kazi ile. Kwenye tamasha la California Jam la Aprili 1974, mbele ya umati mkubwa kabisa, wimbo huo haukupigwa. (Kinachokumbukwa zaidi siku ile ni mpiga gitaa Ritchie Blackmore kuishambulia kamera ya televisheni kwa gitaa lake, jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na nani anaimba.)

Tuuchukue na ule wimbo ambao hata asiyejua roki anaujua, Smoke on the Water. Blackmore anaanza peke yake na gitaa. Paice anaingia taratibu kwa matoazi, kinanda cha Jon Lord kinafuata noti zilezile za gitaa, drams zinakamilika, besi ya Glover inajaza chini, na sauti ya mtu inakuja mwisho kabisa. Kinanda hicho ni ogani ya umeme ya Hammond, ila Lord alikipitisha kwenye amplifaya ya Marshall, ile ya wapiga gitaa, kikawa kinanguruma. Ndiyo maana mara nyingine msikilizaji hatambui gitaa linaishia wapi na kinanda kinaanzia wapi. Kwangu mimi hapo ndipo Deep Purple ilipo: watu wawili, Blackmore na Lord, wasiokubali kupisha, na Paice katikati yao akisukuma mbele.

Mtetezi wa Mark II atanijibu kwa wimbo huohuo. Atasema jina la wimbo lilitoka kwa Glover, na maneno yanasimulia walichokiona wenyewe Montreux, Uswisi, Desemba 1971, pale mtu aliporusha fataki ndani ya ukumbi wa kasino kwenye onyesho la mwanamuziki Frank Zappa, jengo likateketea na moshi ukatanda juu ya ziwa. Isitoshe, nyimbo za miaka ile ziliandikishwa kwa majina ya wote watano. Anasema kweli. Ukiwatoa wawili umetoa waandishi, hukubadilisha sauti tu.

Sasa weka Burn ya Mark III. Albamu hiyo ilitoka Februari 1974, nayo ilirekodiwa Montreux. Coverdale alikuwa kijana aliyekuwa akiuza nguo dukani kaskazini mwa Uingereza. Glenn Hughes alitoka bendi ya Trapeze akiwa anapiga besi na kuimba. Kwa hiyo wakapata waimbaji wawili, mmoja wa chini na mwingine wa juu, kitu ambacho Mark II haikuwa nacho. Katika wimbo uliobeba jina la albamu, Paice anapiga drams kama mtu anayepiga solo kuanzia mwanzo hadi mwisho, huku gitaa na kinanda wakipokezana kwa kasi na kujibizana. Mfichie msikilizaji majina, umwambie hii ni bendi ile ya Highway Star, wimbo wa Mark II. Sidhani kama atabisha.

Kinachosahaulika ni kwamba Mark II yenyewe ilikuwa imeishiwa kabla haijavunjika. Who Do We Think We Are ya 1973 ina Woman from Tokyo, na baada ya hapo sina mengi ya kuisifia. Watu hawakuwa wakielewana, na inasikika. Miaka kumi na moja baadaye walewale watano walirudi na Perfect Strangers, albamu nzuri kweli, ila mwaka 1987 wakatoa The House of Blue Light iliyopooza. Kama siri ingekuwa ni majina hayo matano, ile isingepooza.

Kipimo changu, cha gitaa na kinanda kushindana, kina makali yake pia. Stormbringer, ya mwishoni mwa 1974, inaanza kunishinda: Hughes na Coverdale wanavuta kuelekea mitindo ya soul na funk, Blackmore anaonekana kukaa pembeni, na mwaka uliofuata akaondoka kuanzisha bendi ya Rainbow. Akaja mpiga gitaa Mmarekani Tommy Bolin, wakatoa Come Taste the Band. Naipenda albamu hiyo kuliko Stormbringer, ila naisikiliza kama kazi ya bendi nyingine. Bolin hashindani na Lord, anapita njia yake. Kikosi kilivunjika Machi 1976, na kabla mwaka haujaisha Bolin alifariki kwa dawa za kulevya akiwa na miaka 25.

Kuhusu haki ya jina, kisa cha 1980 kinatosha. Rod Evans, mwimbaji wa Mark I, alizunguka Amerika na wanamuziki wengine wakijiita Deep Purple. Wenye jina walikwenda mahakamani wakashinda. Mtu aliyeimba Hush, wimbo wa kwanza kuitambulisha bendi Marekani, akaambiwa yeye si Deep Purple, na mashabiki wa pande zote wakakubali bila kinyongo.

Hapo ndipo kipindi cha Steve Morse kinapokuwa kigumu kukipima. Alishika gitaa kuanzia 1994 hadi 2022, muda mrefu kuliko Blackmore. Kwenye Purpendicular ya 1996 yeye na Lord wanapokezana vizuri, ingawa kwa adabu zaidi, bila ile hasira. Lord alipostaafu 2002 akaingia Don Airey, fundi kamili wa kinanda, na tangu hapo nasikia bendi nzuri inayopiga Deep Purple. Wapo watakaosema nawaonea, kwa kuwa Gillan, Glover na Paice wote bado wamo. Lakini Rock and Roll Hall of Fame, taasisi ya Marekani inayowaenzi wanamuziki wa roki, ilipoiingiza bendi mwaka 2016, ilimtaja hadi Rod Evans na kuwaacha Morse na Airey. Kwa Airey nawaelewa. Kumwacha Morse, mwenye Purpendicular mkononi, ni uonevu.