Papa, usisawazishe sakafu ya sinema yetu

Juzi nilimkuta fundi ndani ya sinema ya zamani ya mtaa wetu, hapa Kamalondo, Lubumbashi. Alikuwa amevuta uzi kutoka ukuta wa nyuma hadi chini ya jukwaa, anahesabu mchanga na sementi ya kujazia ili sakafu ikae sawa. Mwenye jengo anataka kukodisha kwa harusi, na meza za harusi hazikai kwenye mteremko. Hesabu yake naielewa. Lakini, Papa mwenye jengo, naomba tuongee kabla mchanga haujafika.

Ule mteremko ndio ukumbi wenyewe. Kwa sababu yake, aliyekaa nyuma anaona juu ya kichwa cha aliyekaa mbele yake. Ulijengwa kwa ajili ya filimu, na unamfaa mchezaji aliye hai vilevile. London, ukumbi wa Brixton Academy ulifunguliwa 1929 kama sinema. Leo unajulikana kwa muziki, na sakafu yake ingali inateremka kuelekea jukwaani.

Baba yangu alikuja hapa kila Jumapili. Alinisimulia kwamba enzi za wakoloni Mwafrika hakuonyeshwa filimu yoyote tu: serikali ilikuwa na tume ya kuchuja kwanza. Baada ya uhuru watu wakaona walichotaka. Kisha ikaja 1973, biashara za wageni zikagawiwa wenye nchi. Baadaye zikaja kaseti za video, kila nyumba ikawa na sinema yake. Katika miji mingi ya Kongo kumbi za namna hii zikageuka makanisa au depo. Ya kwetu iliwekwa mifuko ya unga kwa miaka mingi.

Waliouokoa ni vijana wa tiyatri. Walisugua unga ulioganda kwenye viti, wakashusha kitambaa cha filimu kilichooza. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu, maana sinema haihitaji nafasi ya wachezaji kujificha. Wakang'oa safu mbili za viti vya mbele, wakarefusha jukwaa kwa mbao. Kule juu, kibanda cha mashine ya filimu kina matundu mawili ukutani: moja la mwanga, jingine la jicho la mwendesha mashine. Leo taa ya jukwaa inapita katika tundu la kwanza, na kijana wa taa anachungulia katika la pili.

Mwezi uliopita umeme ulikatika katikati ya mchezo. Maman mmoja alikuwa akiigiza mke anayedai mshahara wa mumewe. Hakunyamaza. Watu wakawasha simu zao safu kwa safu, mwanga ukamshukia kutoka juu mpaka chini, naye akaendelea kudai. Mimi nilikuwa safu ya mwisho, na niliona hata kidole alichokuwa akikitikisa. Wiki moja kabla ya hapo, katika ukumbi wa harusi wenye sakafu sawa, nilisikiliza muziki wa kalindula saa nzima bila kumwona mpigaji. Niliona migongo tu, na watu wakipigiana kelele: "Ikala, batu beko banaangaria!"

Lubumbashi ilishapoteza jukwaa moja. Tiyatri kubwa ya mji, aliyoichora msanifu majengo Claude Strebelle miaka ya 1950, leo ndiyo Jengo la 30 Juni, makao ya wabunge wa mkoa. Na huu ndio mji wa kundi la Mufwankolo, lililokifanya Kiswahili cha hapa kuwa lugha ya vichekesho redioni na katika televisheni. Mpira una nyumba yake Kamalondo: uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa 2011, unapokea watu wapatao 18,500. Tiyatri inaomba viti mia tatu tu, vinavyotazamana na jukwaa.

Harusi zifanyike, sina neno. Maseremala wa mtaa wanaweza kutengeneza vipande vya sakafu ya mbao vyenye miguu mirefu upande wa mbele na mifupi upande wa nyuma, vinavyotandazwa Jumamosi na kuondolewa Jumapili. Viti vifungwe kwa bolti, ving'oke bila kuvunjika. Gharama ipo, lakini sementi nayo hainunuliwi kwa salamu, na ikishamwagwa hairudi mfukoni.

Fundi ameniambia kazi inaanza Jumatatu. Ijumaa kuna mchezo, saa kumi na mbili jioni. Papa, nimekuwekea kiti, safu ya mwisho kabisa, chini ya kibanda.