Mkeka wa rangi ya duka una kosa gani?

Oda zinazowafikia wasukaji wa mikeka huku Pwani na visiwani, kutoka mahotelini, kwenye maduka ya mapambo na kwa wasanii wanaotundika ukili (utepe uliosukwa) ukutani, zina sharti linalojirudia: ukindu, yaani majani ya mkindu yanayosukiwa, ubaki mweupe, au utiwe rangi ya mizizi, magome na majani peke yake. Rangi ya unga inayouzwa sokoni kwa pakiti ndogo, ile ya zambarau, kijani, waridi na damu ya mzee, haitakiwi. Wanaoweka sharti hilo husema wanalinda mazingira na wanalinda asili ya mkeka. Wengi wao wana nia njema, na hulipa zaidi ya mnunuzi wa mtaani. Lakini sharti lenyewe linafaa kupimwa pale linapotekelezwa, yaani uani, kwenye sufuria.

Hoja wanazo, tena nzito. Aibu kubwa ya rangi ya unga ni kuchuja. Ukindu hausukwi mkavu. Hunyunyiziwa maji ili usivunjike unapokunjwa, kwa hiyo ukindu wa waridi hulala na unyevu wake ubavuni mwa ukindu mweupe muda wote ukiwa mikononi mwa msukaji. Kama haukusuuzwa mpaka maji yakatoka meupe, weupe utapata madoa kabla ukili haujafika pima moja, na doa hilo halitoki. Msala ndio unaopata taabu zaidi, maana anayeswali huja na miguu yenye maji ya udhu. Mkeka wa kulalia nao huchuja kwa jasho.

Kuna na suala la afya. Unga wa rangi ni mwepesi, ukifunguliwa penye upepo huingia puani, na pakiti nyingi hazina jina la kemikali iliyomo. Sufuria ya rangi ikirudi kupikiwa wali, hilo ni kosa la wazi. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulizuia, kwenye nguo na bidhaa za ngozi zinazogusa mwili kwa muda mrefu, rangi za azo, jamii moja ya rangi za viwandani, zinazoweza kuvunjika na kutoa kemikali ziitwazo amini, zinazohusishwa na saratani. Mfanyabiashara anayepeleka mzigo huko hawezi kuegemea pakiti isiyo na jina, na hapaswi kulaumiwa kwa kuogopa.

Halafu kuna ujuzi wenyewe wa zamani. Mzizi wa mdaa hutoa kahawia nzito inayokaribia weusi. Gome la mkandaa, mti wa jamii ya mikoko, hutoa wekundu wa matofali; ukitia maji ya misumari yenye kutu, hugeuka kijivu cheusi. Bizari ya manjano na mzingefuri zinajulikana na kila mpishi. Msanii anayetundika kazi yake mkabala na dirisha ana sababu ya ziada ya kuzitaka rangi za magome: tanini iliyomo, yaani ule ukakasi wa magome na majani, hustahimili mwanga, na ikibadilika huelekea kuiva, wakati zambarau ya pakiti hupauka mpaka ikawa kama imepigwa vumbi.

Hapo hapo, hata hivyo, sifa ya “asili” inaanza kuponyoka. Bizari nayo ni ya asili, na juani hupauka upesi kuliko rangi nyingi za duka. Ikiguswa na sabuni au chokaa hugeuka nyekundu. Kutu ya misumari ni ya asili pia, lakini ikizidi hula ukindu, na mkeka unaanza kukatika kwenye mistari myeusi huku mistari mingine ikiwa mizima. Mtu anayeagiza “asili tu” bila kusema ni rangi ipi ya kazi ipi hajasema kitu ambacho msukaji anaweza kukifanyia kazi.

Tuje kwenye vipimo, kwa sababu ndivyo vinavyosahaulika. Chukulia mkeka wa kulalia unaokula kilo 2 za ukindu mkavu, nusu mweupe na nusu wa rangi. Kilo 1 ya ukindu kwa rangi ya unga inataka gramu 20 hadi 30, yaani asilimia 2 au 3 ya uzito wa ukindu. Unga hukorogwa kwanza kwa maji kidogo ya baridi mpaka mabonge yote yaishe, kisha humiminwa kwenye debe moja la maji, yapata lita 20, yanayochemka. Vicha vya ukindu vilivyolowekwa tangu asubuhi huzamishwa na kugeuzwa kwa dakika 20 hadi 30. Ukindu ukiingia mkavu hutoka na mabaka. Kicha kikifungwa kwa nguvu hutoka na pete nyeupe penye kamba. Ukichemka saa nzima hulegea na kukatika vidoleni. Ukishasuuzwa huanikwa kivulini; jua kali huutoa rangi na kuufanya mkavu kupita kiasi siku hiyo hiyo.

Kwa magome, kipimo cha wapikaji rangi ni uzito kwa uzito, na kwa rangi iliyokolea ni mara mbili: kilo 1 ya ukindu kwa kilo 1 hadi 2 za gome kavu. Gome hukatwakatwa, hulowekwa usiku kucha, huchemshwa saa moja au mbili, maji yake huchujwa, ndipo ukindu unapoingia, ukachemka polepole na kulala humo mpaka asubuhi. Moto umewashwa mara mbili. Bizari na rangi nyingine zisizo na tanini ya kutosha zinataka na shabu, gramu 100 hadi 150 kwa kilo ya ukindu, ili zishike angalau kidogo.

Oda ya hoteli haiwi ya mkeka mmoja. Mikeka 50 kwa rangi ya unga ni kilo moja, moja na nusu, inayoingia kwenye kikapu cha sokoni. Mikeka 50 kwa gome ni kilo 50 hadi 100 za gome kavu. Zinatoka wapi? Mkandaa au mkoko ukibanduliwa gome kuzunguka shina hufa. Mikoko ya Tanzania Bara na ya Kenya ni misitu ya hifadhi, si mahali pa kwenda na panga ukajihudumia. Biashara hii ya magome Pwani inaikumbuka: enzi za Wajerumani gome la mikoko ya delta ya Rufiji lilisafirishwa nje kwa viwanda vya kutengeneza ngozi. Mdaa una shida nyingine, kwa kuwa kinachotakiwa ni mzizi. Ukichimba bila kubakiza umeondoka na kichaka chenyewe. Ongeza kuni za moto wa pili, kisha uulize tena ni mazingira ya nani yanayolindwa.

Mama anayetia mdaa ukindu wa mkeka wa harusi ya binti yake hajaudhuru msitu wowote. Rangi za mizizi zilikuwa za kipimo hicho: mkeka mmoja, kichaka kimoja kilichochimbwa upande, miaka ya kupumzika katikati. Oda ndiyo inayobadilisha kipimo, na kipimo kikibadilika sifa ya upole kwa mazingira haiwezi kubebwa hivi hivi kutoka kwa yule mama hadi kwenye ghala la mnunuzi.

Itasemwa: na maji ya rangi yanayomwagwa? Ni kweli humwagwa, na mara nyingine karibu na kisima. Ila sufuria iliyopimwa vizuri huacha maji yaliyokaribia kuwa meupe, kwa sababu rangi imeingia kwenye ukindu. Anayechafua ni yule anayemimina pakiti nzima kwa kicha kimoja. Maji yaliyobaki na rangi hupikiwa kicha cha pili, kikatoka chepesi, nacho kina mahali pake kwenye nakshi. Wala maji ya shabu na kutu si marashi.

Kuhusu asili ya mkeka wenyewe, hapa ndipo naona wasukaji wameonewa. Rangi za maabara zilianza mwaka 1856, pale Mwingereza William Perkin alipopata zambarau yake London, na wasukaji wa Pwani walizichagua wenyewe. Kanga, iliyoshika Pwani mwishoni mwa karne ya 19, imechapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani kwa rangi za viwandani, na hakuna anayeiambia si yetu mpaka ipikwe kwa mizizi. Mkeka unadaiwa usafi ambao kanga haikudaiwa, na anayedai mara nyingi ni mtu anayetaka ukae vizuri na sakafu ya saruji na mito ya rangi ya mchanga. Ni haki yake kupenda hivyo. Asiite tu mapenzi yake urithi wetu.

Kinachopokewa na binti kutoka kwa mama au bibi ni hesabu. Nakshi ya ukili huamuliwa mwanzoni kabisa, kwa mpangilio wa kindu nyeupe na za rangi na kwa kuruka kwake: moja juu moja chini, au mbili juu mbili chini. Kosa la ukindu mmoja mwanzoni hutembea pima zote. Ukili ukishafika urefu hushonwa ubavu kwa ubavu, na hapo nakshi ya mstari mmoja lazima ikutane na ya jirani yake. Kwa hiyo rangi ya pishi la kwanza na la mwisho lazima zilingane. Unga uliopimwa hulingana. Gome hubadilika kwa umri wa mti, kwa ukavu wake, hata kwa maji ya kisima yenye chumvi, na ndiyo maana oda inayotaka mikeka 50 ya asili “yote ya rangi moja” inajipinga yenyewe. Mikeka inayorudishwa kwa kutolingana inabaki kwa msukaji.

Na rangi zinazokatazwa ndizo zinazoifanya nakshi isomeke. Mizizi na magome hutoa kahawia, weusi, wekundu wa udongo na manjano. Kijani kinataka buluu chini yake, na buluu ya mimea ni nili, ambayo haiyeyuki majini mpaka ichachushwe kwenye chungu kisichopata hewa. Kisha ukindu huo huo urudi kwenye manjano. Zambarau ndiyo kabisa. Mikeka inayosukwa kwa maneno, jina au dua ikipita katikati, hutegemea rangi mbili zinazopingana vikali. Kahawia juu ya ukindu uliokwisha kuwa wa manjano kwa umri haisomeki ukiwa umesimama mlangoni.

Kama ugomvi ni kuchuja, dawa imo kwenye majani hayo hayo yanayosifiwa. Rangi nyingi zenye kung'ara, kama majenta, zambarau ya methili na kijani cha malakiti, ni za jamii ambayo wakemia huiita rangi za besi. Tanini hushikana na rangi hizo ikafanya kitu kisichoyeyuka majini. Chemsha majani makavu ya mkungu, mti wa kungu, yaliyoanguka yenyewe, au maganda ya komamanga, uzito nusu ya ukindu. Loweka ukindu humo usiku kucha, ukamue bila kuusuuza, ndipo uingie kwenye rangi ya unga. Utatoka umekolea zaidi na utachuja kidogo tu. Hakuna mti uliobanduliwa. Rangi zisizo za jamii hiyo hazitasaidika sana, kwa hiyo jaribu kwanza kindu chache: zilowe, zibanwe kati ya vitambaa viwili vyeupe vilivyolowa, juu yake jiwe, mpaka asubuhi. Kitambaa kikipata rangi, rudi kwenye kusuuza au badilisha pakiti.

Mnunuzi mwenye wasiwasi wa kweli angeandika hayo kwenye oda yake: jaribio la kitambaa cheupe, rangi yenye jina na cheti anachoinunua yeye, barakoa na sufuria ya rangi peke yake. Sharti la mizizi na magome libaki kwa kazi moja moja za ukutani, ambazo adui yake ni mwanga na ambazo kilo mbili za gome linalopatikana kihalali, tuseme la mti uliokwisha kukatwa kwa boriti kwa kibali, zinatosha. Na hata huko, kuni za moto wa pili, madebe ya maji na usiku mbili za kulowekea viandikwe kwenye bei kwa mstari wake, pembeni ya ukindu, kusuka na kushona.