Je, Kikomo cha Mishahara Kitaleta Usawa Katika Besiboli ya Marekani?

Tarehe 1 Novemba 2025, katika mchezo wa saba wa fainali ya World Series uliochezwa Toronto, Los Angeles Dodgers walikuwa nyuma kwa mikimbio 4 kwa 3 katika awamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho. Wapigaji wao wawili tu wangetolewa, ubingwa ungekwenda kwa wenyeji. Aliyewaokoa hakuwa Shohei Ohtani, mwenye mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10. Alikuwa Miguel Rojas, mkongwe wa miaka 36 aliyelipwa dola milioni 5 msimu huo na asiyesifika kwa upigaji wa nguvu; aliupiga mpira ukavuka uzio wa kushoto, akasawazisha, na katika awamu ya 11 Dodgers wakashinda 5 kwa 4.

Hakuna timu iliyokuwa imetetea ubingwa, kama Dodgers walivyofanya, tangu New York Yankees walipotwaa mataji matatu mfululizo kuanzia 1998 hadi 2000. Ndiyo maana ushindi huo ulifufua malalamiko ya siku nyingi kwamba timu moja inainunua ligi nzima, na kwamba sharti uwekwe kikomo cha mishahara, yaani kiwango ambacho jumla ya mishahara ya timu haiwezi kuvuka, kabla mashabiki wa miji midogo hawajakata tamaa. Mkataba wa pamoja kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unafikia mwisho tarehe 1 Desemba 2026, na kikomo ndicho kiini cha mvutano.

Tofauti na ligi ya kandanda ya Kimarekani, NFL, besiboli haijawahi kuwa na kikomo cha mishahara. Ina kodi inayotozwa timu inayovuka kiwango kilichowekwa, ambacho kwa msimu wa 2025 kilikuwa dola milioni 241, na viwango vya kodi hupanda kadiri timu inavyorudia kosa na kadiri inavyozidi kuvuka. Kodi hiyo huwatisha matajiri wa kawaida, lakini Dodgers waliilipa kwa zaidi ya dola milioni 100 mwaka 2024 na bado wakaendelea kusajili. Wana uwezo huo kwa sababu mwaka 2013 waliingia mkataba wa televisheni wa dola bilioni 8.35 kwa miaka 25, na hakuna klabu ya Milwaukee au Kansas City inayoweza kuota fedha kama hizo. Ohtani mwenyewe aliwarahisishia mambo: dola milioni 680 za mkataba wake zitalipwa kati ya 2034 na 2043, kwa hiyo kwa sasa anapokea milioni 2 tu kwa mwaka.

Wanaotaka kikomo wana ushahidi ambao si haki kuupuuza, na mahali pa kuuangalia ni Pittsburgh. Pirates walimchagua Gerrit Cole wa kwanza kabisa katika uteuzi wa vijana wa 2011, ambako timu huchagua kwa zamu, wakamlea, kisha Januari 2018 wakampeleka Houston Astros kwa kubadilishana wachezaji kabla hajawa mchezaji huru, anayeweza kwenda timu yoyote. Mwishoni mwa 2019 Yankees wakampa dola milioni 324. Sasa wana Paul Skenes, naye aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2023, ambaye msimu wa 2025 alitwaa tuzo ya mrushaji bora wa Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda besiboli hiyo, huku mshahara wake, mbali na bonasi, haufiki dola milioni moja. Shabiki wa Pittsburgh anamtazama kijana huyo akijua kwamba mchezaji huwa huru baada ya miaka sita ya utumishi, na anahesabu. Timu yake haijaingia hatua ya mtoano tangu 2015 wala haijatwaa ubingwa tangu 1979. Mapenzi ya mji mzima hayapaswi kuwekewa tarehe ya kwisha namna hiyo.

Upande wa pili hujibu kwa orodha ya mabingwa, na orodha hiyo ina nguvu. Katika misimu 25, kuanzia 2001 hadi 2025, timu 16 tofauti zimetwaa World Series. Katika fainali 25 za miaka hiyohiyo, NFL, iliyoanzisha kikomo kikali mwaka 1994, imetoa mabingwa 13, na mpira wa kikapu wa NBA 12. Yankees, kwa fedha zao zote, wameambulia ubingwa mmoja tu katika kipindi hicho, wa 2009. New York Mets walimpa Juan Soto dola milioni 765 kwa miaka 15, kisha wakamaliza msimu wa 2025 wakiwa sawa kwa ushindi na Cincinnati Reds, timu yenye gharama ndogo sana kuliko yao, na Reds ndio waliofuzu mtoano kwa kuwa waliwazidi katika michezo waliyokutana.

Hata hivyo, sikubali kwamba idadi ya mabingwa inafunga mjadala. Mtoano wa besiboli ni michezo michache baada ya msimu wa michezo 162, na bahati ina nafasi kubwa humo. Kinachonunuliwa kwa fedha ni nafasi ya kufika huko kila mwaka, pamoja na haki ya kukosea bila kuadhibiwa. Dodgers wamefuzu mtoano kila msimu tangu 2013. Mwaka 2025 mrushaji wao Blake Snell, waliyemsajili kwa dola milioni 182, alikaa nje kwa miezi kadhaa kwa maumivu ya bega, na timu ikasubiri apone bila wasiwasi. Milwaukee Brewers walimaliza msimu huohuo wakiwa na rekodi bora kuliko timu zote 30, wakafika nusu fainali, Dodgers wakawafunga michezo minne kwa sifuri. Klabu kama Brewers ikipata majeraha ya namna ya Snell, msimu wake umekwisha.

Kwa hiyo pengo lipo, na linaumiza. Tatizo langu na kikomo ni kwamba kinamzuia anayetumia na kumwacha asiyetaka kutumia. Kila klabu huchangia asilimia 48 ya mapato yake halisi ya eneo lake, kama tiketi na televisheni, kwenye mfuko unaogawanywa sawa, na klabu ndogo hupokea kuliko zinavyotoa. Mwaka 2018 chama cha wachezaji kiliwasilisha malalamiko rasmi dhidi ya Pirates, Marlins, Rays na Athletics, kikidai kwamba fedha hizo hazikutumika kuboresha timu kama mkataba unavyotaka. Msomaji aliyezoea Ligi Kuu ya Uingereza ashike jambo hili: huku hakuna kushuka daraja. Mmiliki anaweza kumaliza mkiani miaka mitatu mfululizo, akapokea mgao wake, na thamani ya klabu ikazidi kupanda.

Wamiliki walionyesha wanachotaka mwaka 2021, walipopendekeza kila timu itumie angalau dola milioni 100, kwa masharti kwamba kodi ianze kutozwa kwenye milioni 180 badala ya milioni 210 za wakati huo. Wachezaji walikataa, na naona walikuwa na haki, kwani fedha ambazo zingeokolewa Los Angeles na New York zingebaki kwa wamiliki. Hakuna kilichozilazimisha zifike Pittsburgh. Tena kikomo kimeshawafikia wanyonge kuliko wote: tangu 2017 kila klabu imewekewa bajeti isiyovukika ya kuwasajili vijana wa nje, wa Jamhuri ya Dominika, wa Venezuela, na hata wa Uganda, ambako Dodgers na Pirates wote wamesajili wachezaji miaka ya karibuni.

Wachezaji hawajasahau pia mgomo wa 1994, ulioanza Agosti kwa sababu ya kikomo hikihiki na kufuta World Series ya mwaka ule. Mimi ningekubali kikomo kijadiliwe, ila kiwe cha tatu katika foleni. Kwanza fedha za televisheni zigawanywe kwa usawa zaidi, kama NFL inavyogawa zake. Pili, kila klabu inayopokea mgao ilazimishwe kuutumia kwa wachezaji, na ikishindwa inyimwe.

Lakini hapo wamiliki wenyewe ndio wanaogawanyika, maana anayetakiwa kuachia ni jirani yao tajiri. Kampuni iliyorusha michezo ya timu nyingi za miji midogo iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2023, na klabu hizo zinatamani ligi iuze matangazo yote kwa pamoja. Mikataba ya kitaifa ya televisheni inamalizika 2028. Wa Dodgers unaendelea hadi 2038, na hakuna aliyekwisha kueleza watafidiwa nini ili wauweke mezani miaka kumi kabla ya wakati.