Usiandike "kaa" tu: hesabu za pwani ya California zinahitaji majina kamili

Katika fomu za hesabu ya viumbe ambazo nimewahi kukabidhiwa nikiwa mtu wa kujitolea kwenye miamba ya pwani ya kati ya California, mstari unaonikera kuliko yote ni ule wa "kaa wa kombe, spishi yoyote", ambao kwa kawaida hufuatwa na ndugu yake, "kaa wa kauri, spishi yoyote". Mtu hujaza idadi, hutia sahihi, na karatasi huingia katika hifadhi ya takwimu. Maoni yangu ni kwamba takwimu za namna hiyo zina faida ndogo mno kulinganishwa na usingizi uliopotea katika kuzitafuta, na kwamba ni afadhali kuhesabu eneo dogo kwa majina kamili kuliko kuhesabu pwani nzima kwa jina la jumla.

Ninaposema kaa wa kombe nina maana ya wale wenye tumbo laini lililopinda, ambao hulificha ndani ya kombe tupu la konokono na kutembea nalo. Msomaji wa Lamu au Kilwa atawakumbuka wale wa nchi kavu, wa jenasi ya Coenobita, wanaokimbia mchangani usiku. California haina hao, ila ina jamaa zao wa majini, wengi wao wa jenasi ya Pagurus. Kaa wa kauri ni wadogo, bapa, na huishi chini ya mawe na katikati ya chaza weusi walioshikamana na miamba. Wameitwa hivyo kwa sababu huvunjika upesi: ukimshika vibaya hukuachia gando au mguu mkononi na kukimbia na vilivyobaki. Makundi haya mawili ni ya ukoo mmoja, Anomura, ulio mbali na kaa wa kawaida tunaowala. Ukimhesabia kaa wa kauri miguu ya kutembelea utaona jozi tatu tu, kwa kuwa jozi ya mwisho imedumaa na kukunjwa karibu na tumbo. Hali chakula kwa magando yake makubwa, bali huchuja maji kwa vinyweleo virefu vya viungo vya mdomoni.

Tuanze na kaa wa kombe, kwa kuwa hao ndio wanaodhaniwa kuwa wote ni wamoja. Kwenye miamba ya pwani ya kati mtu hukutana zaidi na spishi tatu. Pagurus samuelis ana vipapasio vyekundu visivyo na mapete na mikanda ya buluu karibu na ncha za miguu; hukaa juu, kwenye vidimbwi vinavyobaki wakati maji yamekupwa, na hupendelea makombe ya yule konokono mweusi anayeitwa Tegula funebralis. Pagurus granosimanus naye ana vipapasio vyekundu visivyo na mapete, lakini miguu yake ni ya kijani kibichi kilichofifia, imetapakaa chembechembe nyeupe au za buluu, na kwa kawaida hupatikana chini zaidi. Pagurus hirsutiusculus ana manyoya, vipapasio vyake vina mapete meupe au ya manjano, na ana tabia ya kuvaa kombe dogo lisilomtosha, na ukimshika hulitupa na kukimbia uchi. Nimewahi kuambiwa kwamba watu wa kujitolea hawawezi kufundishwa mambo haya. Sikubaliani kabisa. Rangi ya vipapasio na rangi ya miguu hufundishika kabla maji hayajaanza kujaa, na watoto wa shule huziona upesi kuliko wazee wao wenye miwani.

Sasa fikiria kidimbwi kimoja ambacho mwaka huu kina kaa wa kombe mia mbili, na baada ya miaka kumi kina mia mbili vilevile. Fomu ya jumla itasema hakuna kilichobadilika. Lakini huenda spishi inayohimili joto imechukua makombe yote na spishi ya maji baridi imeondoka. Makombe tupu ndiyo yanayowawekea kaa hawa kikomo, na nyumba ikiachwa hupata mpangaji mara moja, kwa hiyo jumla inaweza kubaki palepale huku wenyeji wakibadilika. Kwa viumbe wa aina hii jumla ndiyo kipimo kibaya kuliko vyote, nasi ndicho tunachokikusanya kwa bidii.

Kwa kaa wa kauri jambo hili ni zito zaidi, na hapa tunao ushahidi wa maabara. Petrolisthes cinctipes huishi juu kiasi, katikati ya chaza na chini ya mawe yanayoachwa wazi maji yanapokupwa, ambako joto linaweza kufika takriban nyuzi 31 za selsiasi. Petrolisthes eriomerus, anayefanana naye sana, huishi chini karibu na mpaka wa maji ya bamvua, ambako joto halipandi sana kupita nyuzi 15. Jonathon Stillman na George Somero walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba uwezo wa kuhimili joto wa spishi hizi hulingana na mahali zinapoishi. Kisha mwaka 2003 Stillman akaandika katika jarida la Science jambo ambalo wengi hawakulitarajia: kaa wa kauri wanaohimili joto kali ndio wenye uwezo mdogo zaidi wa kujizoeza joto jipya, na tayari wanaishi karibu kabisa na kikomo chao. Kwa maneno mengine, yule anayeonekana shupavu ndiye aliye hatarini. Ukiandika "kaa wa kauri" bila kutaja ni yupi, umewachanganya aliye ukingoni na aliye na nafasi ya kupumua, na hakuna hesabu ya baadaye itakayoweza kuwatenganisha.

Kuwatofautisha kunahitaji kumgeuza kaa na kumtazama. Viungo vya mdomoni vya P. eriomerus ni vya buluu, vya P. cinctipes vina wekundu. Kifundo cha gando cha P. eriomerus ni kirefu na kingo zake zinakwenda sambamba, hali kile cha P. cinctipes ni kifupi zaidi na kingo zake hukaribiana kuelekea mbele. Petrolisthes manimaculis ana safu za madoa ya buluu kwenye magando. Vitoto vidogo vya spishi hizi mara nyingi havitambuliki kwa macho, na hapo sina aibu kusema kwamba jibu la kweli ni "hajatambuliwa". Ninachokipinga ni kumwandika mtu mzima, mwenye alama zote, kana kwamba naye hatambuliki.

Thamani ya majina ilionekana wazi huko Pacific Grove, kando ya kituo cha utafiti wa bahari cha Hopkins cha Chuo Kikuu cha Stanford. Kati ya mwaka 1931 na 1933 Willis Hewatt aliweka mstari wa kupimia kwenye miamba, akaugawanya katika miraba ya yadi moja, na kuhesabu viumbe mraba kwa mraba, spishi kwa spishi. Miaka 60 baadaye, 1993 na 1994, watafiti walirudi kwenye mstari uleule na kuhesabu tena. Katika spishi 45 za wanyama wasio na uti wa mgongo walizolinganisha, spishi nane kati ya tisa za kusini zilikuwa zimeongezeka, na tano kati ya nane za kaskazini zilikuwa zimepungua; wastani wa joto la maji ya ufukweni hapo ulikuwa umepanda kwa nyuzi 0.75. Hewatt hakuwa akichunguza mabadiliko ya tabianchi. Alikuwa mtu aliyeandika majina kwa uangalifu, basi. Lau angeandika "konokono", "kaa" na "chaza", wenzake wa 1993 wangebaki na historia ya kusimulia tu.

Tena mambo hayangoji miaka 60. Kati ya mwaka 2014 na 2016 wimbi la joto la bahari lilishika pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, na Eric Sanford pamoja na wenzake wa maabara ya Bodega waliorodhesha spishi 67 za kusini zilizojitokeza kaskazini mwa California, 37 kati yake zikiwa hazijawahi kuandikwa zikifika mbali hivyo. Njia ya safari hizo ni ya kueleweka. Kaa hawa, wakubwa hata uwape mwaka mzima, hawatembei mbali. Wanaosafiri ni lava wao, yaani vitoto vyao vichanga visivyofanana bado na kaa, ambao huelea majini kwa wiki kadhaa, lava wa kaa wa kauri akiwa na mwiba mrefu kupita kiasi mbele ya kichwa. Mkondo wa California kwa kawaida huwapeleka kusini, na pepo za masika ya huko huwasukuma kwenye maji ya mbali. Mkondo ukilegea au ukigeuka, kama ilivyotokea miaka ile, lava wa kusini hupata njia ya kwenda kaskazini. Kinachofuata ndicho swali la hesabu zetu: je, waliofika wanazaa, au ni kizazi kimoja kitakachozeeka na kutoweka? Swali hilo hujibiwa kwa kuhesabu spishi hiyohiyo, kupima ukubwa wa magamba na kutazama kama majike wana mayai, mwaka hadi mwaka. Fomu ya jumla haina pa kuliandika.

Najua nitajibiwa kwamba siku hizi picha za simu zimemaliza tatizo hili, kwa kuwa maelfu ya watu hupakia picha kwenye iNaturalist na wataalamu huwataja viumbe kwa majina. Nazithamini picha hizo, na bila shaka zimefichua mengi. Lakini hupigwa kutoka juu, mchana, na watu wanaovutiwa na rangi. Pagurus samuelis aliye kidimbwini hupigwa picha kila siku, Petrolisthes eriomerus aliye chini ya jiwe, mahali panapofunuliwa na bamvua pekee, hupigwa mara chache, na anapopigwa huonyeshwa mgongo, ilhali alama zake ziko mdomoni na kwenye kifundo cha gando. Tena hakuna anayepakia picha ya jiwe ambalo chini yake hapakuwa na kitu. Isitoshe, maji yanayokupwa sana hutokea pale alfajiri wakati wa masika na kiangazi, na alasiri wakati wa baridi, kwa hiyo wingi wa picha hufuata likizo za watu kuliko maisha ya kaa.

Kuna sababu nyingine ya kutotegemea picha peke yake, nayo ni kwamba majina yenyewe hubadilika. Mwaka 1957 kaa wa kombe mmoja wa kusini alielezwa kwa jina la Pagurus venturensis. Baadaye akahesabiwa kuwa nususpishi ya P. hirsutiusculus, sasa amerudishiwa hadhi yake ya spishi kamili. Basi mtu anayesoma orodha ya zamani ya kusini mwa California na kukuta P. hirsutiusculus hawezi kujua ni nani hasa alionekana, isipokuwa kielelezo chenyewe kiko kwenye chupa mahali fulani kikiwa na tarehe na jina la ufuko. Ndiyo maana naziheshimu kazi za watu kama Janet Haig wa taasisi ya Allan Hancock, ambaye mwaka 1960 alichapisha uchambuzi wa kaa wa kauri wa Pasifiki ya mashariki akitumia vielelezo vilivyohifadhiwa. Ukitilia shaka alichokiandika, unaweza kwenda kukitazama kile alichokitazama.

Wapo wanaochukizwa na wazo la kuua wanyama kwa ajili ya chupa, na pingamizi lao nalichukulia kwa uzito. Kwa hesabu za kawaida mnyama huwekwa kwenye kisahani chenye maji, hupigwa picha ya mgongo na ya tumbo, hupimwa, kisha hurudishwa alipotolewa. Vielelezo vinavyochukuliwa kwa kibali viwe vichache, hasa pale spishi inapoonekana mahali ambapo haijawahi kuandikwa. Nadhani madhara makubwa zaidi hufanywa na kundi la watu wenye nia njema wanaogeuza mawe na kuyaacha yamelala chali, jua likichoma kila kilichokuwa kimejificha chini yake. Jiwe lirudishwe kama lilivyokuwa, upande uleule, taratibu, ili lisiwaponde walio chini. Asiyeweza kufanya hivyo abaki akiandika fomu huku wenzake wakigeuza mawe.

Fomu ninayoitaka haihitaji fedha nyingi. Iwe na mstari wa kila spishi inayotarajiwa kwenye ufuko huo, na mistari mitupu kwa zile zisizotarajiwa. Iwe na nafasi ya rangi ya vipapasio na ya viungo vya mdomoni, ili anayekagua baadaye aone kwa nini jina lile limechaguliwa. Na "hajatambuliwa" iwe na safu yake, isichanganywe na nyingine. Juu kabisa pawepo idadi ya mawe yaliyogeuzwa na dakika zilizotumika, kwa kuwa sifuri isiyo na juhudi iliyopimwa haina maana. Aliyepekua mawe yote ya mstari wa chini bila kumwona P. eriomerus aandike sifuri mbele ya jina hilo, aandike na mawe yalikuwa mangapi, na fomu isiyo na sifuri hizo irudishwe kwa mwenyewe aikamilishe kabla ya kuingizwa kwenye kompyuta.